TAA MOJA, ROHO 101! Na jinsi ya kuunda paneli ya rubani inayowaka, nyumbani kwako

NDEGE haikuwa na ubovu wowote wa kuiangusha. Injini zote tatu zilikuwa zinanguruma vizuri, hali ya hewa ilikuwa safi, na mafuta yalikuwemo. Ilikuwa usiku wa Desemba 29, 1972, na ndege hiyo aina ya Lockheed TriStar ya shirika la Eastern la Marekani, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa inakaribia kutua Miami ikiwa na watu 176.

Marubani wakateremsha magurudumu. Taa ya kijani inayothibitisha kwamba gurudumu la pua limeshuka na kujifunga, ikagoma kuwaka.

Wakapanda hadi futi 2,000, wakaiachia mashine iendeshe ndege yenyewe, halafu kasheshe ikaanza. Rubani na msaidizi wake wakakiinamia kile kitaa. Wakakichomoa, kukirudisha kikakwama. Mhandisi wa ndege akatumwa ashuke chini ya sakafu akachungulie kama gurudumu lipo. Huku nyuma ile mashine ilikuwa imeshaacha kushikilia kimo, ndege inateremka pole pole gizani, na mlio wa tahadhari ulipolia haukumshtua mtu. Ikajichimbia kwenye kinamasi cha Everglades. Wakafa watu 101.

Wachunguzi walipokagua mabaki wakakuta gurudumu lilikuwa limeshuka barabara. Kilichokuwa kimekufa ni globu mbili ndogo ndani ya kile kitaa. Globu tu, basi!

Mpenzi msomaji, usifunge ukurasa ukidhani leo tunaomboleza. Hapana. Nimeanza na hiyo ili siku ukimsikia mtu anasema taa za kwenye chumba cha rubani ni urembo, umkatalie. Zile herufi zinazong'aa gizani, zile swichi zenye majina yanayowaka kwa nyuma, ndizo lugha ambayo ndege inamsemesha rubani. Na wiki hii nataka tuwaangalie watu wanaoiandika lugha hiyo kwa mikono yao, chumbani, jikoni, kwenye gereji, bila hata kumiliki gurudumu moja la ndege.

RUBANI WA CHUMBANI

Ulaya na Marekani wamejaa. Mtu mzima, ana mke na watoto, mchana anakwenda kazini kama wewe, jioni anajifungia gereji anaunda pua ya Boeing 737 kwa mbao za MDF, plastiki na waya. Ndege yake hairuki. Inakaa pale pale, lakini mbele ya kioo ameweka skrini zinazoonyesha uwanja, mawingu na taa za mji, na kompyuta inafanya mambo yote kama ya kweli.

Ugonjwa huu huanza taratibu. Unaanza na mchezo wa kompyuta. Microsoft walitoa Flight Simulator yao ya kwanza mwaka 1982, na matoleo mapya yameendelea kuja, likiwemo la 2020 na la 2024. Kuna pia X-Plane, na kuna FlightGear ambayo ni ya bure kabisa. Mwanzoni unaruka kwa kibodi. Baada ya muda unanunua mkono wa kuendeshea. Halafu siku moja unagundua kinachokukera ni ile mausi. Yaani rubani mzima unataka kuwasha pampu ya mafuta, unasukuma panya mezani kutafuta picha ya swichi! Hapo ndipo mtu anaanza kuuliza bei ya swichi za kweli, na akishauliza, we acha tu, keshapotea.

Wala wasikucheke. Simuleta ya ndege yenyewe imezaliwa karakana, haikuzaliwa maabara. Mmarekani Edwin Link alikulia kwenye kiwanda cha familia kilichotengeneza piano na vinanda, mji wa Binghamton, New York. Mwaka 1929 alikuwa ameshaunda kijindege cha kujifunzia kinachoyumba na kuinama kwa kutumia mifuko ya upepo ile ile inayopuliza vinanda. Wakubwa hawakumjali, akawa anawauzia wenye viwanja vya michezo ya kulipia. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi waliopewa kazi ya kubeba barua kufa mfululizo kwenye hali mbaya ya hewa, jeshi la Marekani likanunua sita. Vita vya Pili vilipokwisha, takriban vijana nusu milioni walikuwa wamepitia kwenye masanduku yake.

KWA NINI HERUFI ZIWAKE?

Hebu jaribu hivi leo usiku. Kaa gizani nusu saa, kisha washa tochi ya simu usome kijikaratasi, halafu uzime uangalie nje dirishani. Huoni kitu. Jicho huchukua kama dakika 30 kulizoea giza vizuri, na mwanga mkali huvuruga yote kwa sekunde chache. Sasa mfikirie rubani anayetakiwa kusoma majina ya swichi chungu nzima halafu, hapo hapo, aone taa za uwanja kwa mbali.

Watu walihangaika na tatizo hili kwa njia mbaya na nzuri. Njia mbaya kuliko zote ilikuwa rangi ya radiamu, inayong'aa yenyewe gizani. Wakati wa Vita vya Kwanza na miaka iliyofuata, wasichana wa viwandani Marekani walikuwa wanapaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa na vipimo vya ndege, na walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Radiamu ikawaingia kwenye mifupa. Taya zikaoza, wengine wakafa. Watano kati yao waliishtaki kampuni huko New Jersey mwaka 1927, wakalipwa fidia mwaka uliofuata. Kwa hiyo dada yangu, ukiona kipimo cha zamani cha ndege kinauzwa kama pambo, usikifungue wala kukikwangua.

Baadaye ikaja taa nyekundu, kwa sababu nyekundu haiharibu sana jicho lililozoea giza. Nayo ikawa na kero yake: mistari myekundu kwenye ramani inapotea kabisa chini ya taa nyekundu. Mwisho ikashinda njia tunayoiona leo. Paneli inatengenezwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, inafunikwa kwa rangi isiyopitisha, halafu rangi inakwanguliwa pale penye herufi tu. Taa inakaa nyuma. Mchana unaona maandishi meupe juu ya kijivu. Usiku unaona maandishi tu yanaelea gizani, na unayapunguza mwanga mpaka yanasomeka kwa shida kidogo. Hapo jicho linabaki salama.

Siri yote ya kazi hii ndiyo hiyo. Wanaoanza wanadhani shida ni kupata mwanga. Mwanga upo, tena rahisi! Kazi ngumu ni kuuzuia usitoke pale usipotakiwa.

TUINGIE KARAKANA

Wengi wanaigiza Boeing 737, na wana sababu. Vipimo na picha zake zimetapakaa, na programu zake ni nyingi. Hata kwetu si mgeni: Air Tanzania iliwahi kuruka na 737-200 miaka ya nyuma, na mwaka 2023 ikapokea 737 MAX 9. Kenya Airways nao wanazo 737-800. Kwa hiyo tuchukue hiyo 737-800, tena tuchukue paneli moja tu, ya pampu za mafuta, iliyo juu ya kichwa cha rubani. Mtu anayeanza na chumba kizima anaishia na mbao zilizoegeshwa ukutani na mama mwenye nyumba anayeuliza zitatoka lini.

Unahitaji kipande cha akriliki cha milimita 3. Ni ile plastiki ngumu kama kioo wanayotumia mafundi wa mabango ya maduka, na mabaki yake wanayo kibao kwenye pipa la takataka. Iko ya kioo kitupu na iko nyeupe kama maziwa. Chukua ya maziwa ukiipata, maana yenyewe inausambaza mwanga. Ukikosa, chukua ya kioo uipulizie rangi nyeupe nyepesi kwanza.

Kuisafisha tumia maji na sabuni laini. Usiguse thina, na hata spiriti kaa nayo mbali, hasa kama kingo zimeshakatwa kwa leza. Akriliki iliyokatwa hivyo ina msukosuko ndani yake. Ikipata spiriti inapasuka nyufa nyembamba kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe, na nyufa hizo taa ikiwaka zinaonekana zote.

Sasa rangi ya kupuliza. Watu wanakimbilia kijivu kwa sababu ndege ni ya kijivu. Wengi wa wanaoigiza Boeing wanatumia kijivu namba RAL 7011, isiyong'aa. Sawa, lakini kijivu peke yake kinavuja mwanga kama chandarua. Weka nyeusi kwanza, tabaka mbili nyembamba, uiache ikauke kisawasawa, ndipo upulize kijivu juu. Kila tabaka liwe jembamba. Ukimwaga rangi kwa pupa itatengeneza michirizi, na leza haitaikwangua kwa usawa. Ikishakauka, iweke mbele ya tochi chumbani gizani. Ukiona nyota, ongeza tabaka. Usipoona kitu, hongera, sasa una kipande cha plastiki kisichopitisha chochote.

Kuchora ni kazi ya kompyuta. Inkscape ni programu ya bure na inatosha kabisa. Chora paneli kwa vipimo halisi vya milimita, herufi ziweke zikiwa michoro na si maandishi, la sivyo kompyuta ya fundi ikikosa aina hiyo ya herufi itakuwekea ya kwake na FUEL PUMPS yako itatoka imevaa maua kama kadi ya harusi. Mistari ya kukwangua iwe rangi moja, ya kukata iwe nyingine, na umwambie fundi akwangue kwanza ndipo akate. Akitangulia kukata, kipande kinaweza kusogea na herufi zote zikaenda upande.

Kabla ya kuchora matundu, nunua swichi zako kwanza uzipime. Swichi ndogo za kupandisha na kushusha huingia kwenye tundu la milimita 6. Zile kubwa zinazofanana na za ndege zinataka karibu milimita 12. Jamaa wengi wamekata paneli nzuri halafu swichi zikakataa kuingia. Ukija kutengeneza paneli za redio zinazokaa katikati ya viti viwili, upana wake wa kawaida kwenye ndege ni milimita 146, na hushikwa kwa skrubu za kuzungusha robo tu zinazoitwa Dzus.

LEZA SI MCHEZO

Leza yenyewe si lazima ununue. Mafundi wanaochonga majina kwenye ngao na vikombe vya zawadi wanazo. Mwambie apunguze nguvu, aongeze mwendo, na ajaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki ulichokipaka rangi ile ile siku ile ile. Leza ikiwa na nguvu sana inakula rangi, inakula na nyeupe, inachimba plastiki. Ikiwa dhaifu inaacha ukungu wa rangi juu ya herufi, na usiku herufi hizo zitakuwa za kahawia.

Ziko leza za aina mbili utakazokutana nazo. Ile kubwa ya gesi ya kaboni dayoksaidi inakwangua na kukata akriliki ya aina yoyote. Ile ndogo ya mwanga wa bluu, inayouzwa bei nafuu, mwanga wake unapita kwenye akriliki ya kioo kama jua dirishani, haiikati. Lakini kukwangua rangi juu yake inaweza, na wapo wanaoitumia hivyo, matundu wakayatoboa kwa drili.

Hapa naomba tusitaniane. Mwale wa leza ya gesi hauonekani kwa macho, na wa bluu unaoonekana unaweza kukupofusha kabla hujapepesa. Miwani ya jua ya kuuzia sura haisaidii chochote. Inatakiwa miwani iliyotengenezwa kwa leza ya aina hiyo hiyo. Na kamwe usipeleke PVC kwenye leza, iwe bomba, iwe ngozi bandia, iwe stika za vinailo. Moshi wake una asidi ya klorini. Unaunguza mapafu yako na unakula vyuma vya mashine ya watu.

Huna leza wala fundi wa leza? Iko njia ya mkono mfupi, na mimi naiona ni nzuri kwa kuanzia. Tafuta karatasi za plastiki zinazopita kwenye printa ya leza, zile walizokuwa wanatumia wahadhiri kumulikia ukutani. Chapa paneli yako yote nyeusi na herufi ziwe wazi. Karatasi moja itavuja mwanga, kwa hiyo chapa mbili zinazofanana, zipange moja juu ya nyingine herufi kwa herufi, uzibane kati ya vipande viwili vya akriliki. Mchana haitadanganya mtu kwamba ni paneli ya ndege. Usiku itamdanganya.

TAA NYUMA YA HERUFI

Ndege nyingi za zamani zilitumia globu ndogo za volti 5. Zilikuwa na mwanga wa njano iliyotulia, kama wa kibatari. Ndiyo maana ukinunua LED nyeupe ya hospitali, ile yenye bluu ndani yake, paneli yako itafanana na friji ya duka la soda. Omba nyeupe ya joto.

Hesabu yake si ya kutisha. LED moja nyeupe inakula kama volti 3. Ukiunga tatu kwa mstari mmoja zinakula 9. Chanzo chako kikiwa cha volti 12 zinabaki 3, na hizo lazima zizuiwe na rezista. Kwa mkondo wa miliampea 20, gawa 3 kwa 0.02 unapata 150. Basi rezista ya omu 150 kwa kila mstari wa LED tatu. Ukipunguza mkondo zaidi ya hapo ni bora pia, LED zitadumu na paneli haitapata joto.

Mvivu atanunua utepe wa LED wa volti 12, ambao rezista zimo tayari na unakatwa kila baada ya taa tatu. Sina ugomvi na mvivu huyo. Utepe wa mita 5 wenye taa ndogo 60 kwa mita unakula kama wati 24, yaani ampea 2, na paneli moja inahitaji vipande vichache tu.

Umbali ndio unaowaangusha wengi. LED ikigusa nyuma ya paneli unapata doa kali katikati ya herufi moja na giza kwenye jirani yake. Iache nafasi ya sentimita moja au moja na nusu, ndani ya kisanduku kilichopakwa rangi nyeupe, na kama madoa bado yapo, weka katikati karatasi ya kuchorea ramani au kipande cha akriliki kilichosuguliwa kwa msasa. Kisha ziba kingo. Mwanga una tabia ya kusafiri ndani ya plastiki na kutokea pembeni na kwenye matundu ya swichi, na paneli nzuri inageuka kuwa bango la baa. Paka rangi nyeusi pembeni kote na ndani ya kila tundu.

Kupunguza mwanga tumia dima ya LED, ile inayowasha na kuzima haraka kiasi jicho halitambui. Ukitaka kompyuta ndiyo itawale, nunua kibodi kidogo cha Arduino. Mradi huo ulizaliwa mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi, na leo ndio moyo wa viti vingi vya rubani wa chumbani. Aina ya Mega ina miguu 54 ya kuunga swichi na taa. Programu ya MobiFlight, ya bure, inaiunganisha na simuleta bila wewe kuandika hesabu za kompyuta. Angalizo moja: mguu mmoja wa Arduino unatosha kuwasha LED moja, haubebi utepe mzima. Weka transista katikati.

Umeme wa volti 12 unaweza kuutoa kwenye sanduku la umeme la kompyuta iliyokufa. Litumie jinsi lilivyo. Usilifungue, kwa sababu ndani yake kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na umeme huo unaua.

TAA ZINAZOSEMA

Mpaka hapo tumezungumzia mwanga wa kusomea. Lakini paneli ya mafuta ina taa za aina ya pili, zile za taarifa, ndugu zake ile ya Miami. Na hapa ndipo utamjua rubani wa chumbani anayejua kazi na yule anayeuza sura.

Iko swichi sita za pampu: mbili za tangi la katikati, mbili za tangi la bawa la kushoto, mbili za kulia. Kila moja ina kitaa cha rangi ya kaharabu kimeandikwa LOW PRESSURE, yaani msukumo wa mafuta uko chini. Sasa sikiliza. Ukizima pampu za mabawani, vitaa vyake vinawaka. Ukizima za tangi la katikati, vitaa vyake vinazimika. Kwa nini? Kwa sababu tangi la katikati mara nyingi huwa tupu, na pampu zake kuzimwa ni jambo la kawaida, hakuna haja ya kumpigia rubani kelele. Mabawani ni lazima pampu ziwe zinafanya kazi. Mtu aliyeunganisha vitaa vyote sita kwa namna moja ametengeneza pambo.

Kiko pia kitaa cha bluu kwenye swichi ya kuunganisha matangi, VALVE OPEN. Valvu ikiwa njiani kufunguka kinawaka kwa nguvu. Ikishafunguka kabisa kinabaki kimefifia. Kitaa kimoja, maneno mawili. Ukiweza kukiigiza hicho, mtu wa ndege akiingia chumbani kwako atatabasamu kabla hujamwambia kitu.

Kila kitaa cha taarifa kiwe ndani ya kijumba chake cheusi, hata bomba fupi la kalamu lililopakwa rangi linafaa. Bila hivyo, kimoja kikiwaka jirani anapata mwanga wa kuazima, na hujui nani anasema nini. Kikizimwa kisisomeke kabisa. Kwa hili weka kipande cha plastiki ya kiza kidogo mbele ya maandishi.

Usidhani ni mambo madogo. Agosti 14, 2005, Boeing 737-300 ya Helios Airways iliondoka Larnaca, Saiprasi, ikielekea Athens. Swichi ya hewa ya ndani ilikuwa imebaki kwenye MAN, yaani kwa mkono, baada ya mafundi kufanya majaribio, na marubani hawakuiona. Hewa ilipopungua honi ikalia, lakini honi hiyo ni ile ile inayolia kama ndege haijapangwa vizuri kabla ya kuruka. Marubani wakachanganyikiwa, kisha wakapoteza fahamu. Ndege ikaishiwa mafuta na kuanguka Ugiriki. Watu wote 121 wakafa. Mwaka 2011 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaamuru 737 za zamani, kuanzia -100 hadi -500, ziongezewe taa mbili za tahadhari, ili kila maana ya ile honi iwe na taa yake. Ukiunda paneli ya mbele ya 737 ukazikuta taa hizo kwenye michoro, usiziruke eti nafasi ni finyu.

JE, UTAKUWA RUBANI?

Hapa wapo watakaonichukia. Saa utakazoruka chumbani, ziwe 10 au 10,000, hazihesabiki kwenye leseni. Mamlaka za anga, TCAA ikiwemo, zinatambua simuleta zilizokaguliwa na kuidhinishwa tu, na zile za daraja la juu kabisa, linaloitwa D, ni mashine za viwandani zinazosimama juu ya miguu inayotembea, si mbao za MDF. Kwa hiyo kama mtu anakuambia umlipe mshiko ufundishwe urubani kwenye kiti cha gereji, hiyo ni fiksi, kimbia.

Lakini usikate tamaa. Kijana aliyejenga paneli ya mafuta akiwa ameelewa kwa nini taa hii inawaka na ile inazimika, ameshasoma mfumo wa mafuta wa 737 kwa mikono yake. Akibahatika kuingia darasani, iwe la urubani au la ufundi wa ndege, hilo somo litamkuta anacheka. Na hata asipoingia, anajua kuchora kwa vipimo, kukwangua kwa leza, kupiga hesabu ya LED na kuchomelea waya kwa risasi. Wenye maduka wanaotaka mabango yanayowaka wanalipa kwa kazi hizo hizo.

Paneli yako ikishaisha, ijaribu usiku. Funga mapazia, zima kila kitu, hata kitaa cha chaja ya simu. Kaa gizani nusu saa ile niliyokuambia. Kisha washa mwanga wa nyuma, uushushe mpaka herufi ziwe zinasomeka kwa shida, na uangalie polepole kutoka kona hadi kona. Utaona vitone vya mwanga kwenye rangi ambavyo mchana havikuwepo. Weka alama kila kimoja kwa chaki, asubuhi chukua brashi nyembamba na rangi nyeusi, uvizibe kwa nyuma kimoja kimoja. Usiku unaofuata rudia. Paneli ya umeme iko pale pale jirani na ya mafuta, na swichi zake ni nyingi zaidi.